Kura ya kisu: wagonjwa 180 wa Houston na swali la kila mwenye goti linalouma

Kati ya mwaka wa 1995 na 1998, katika hospitali ya askari wa zamani mjini Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, kulifanyika jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni hadithi ya kubuni. Mgonjwa wa goti aliingizwa katika chumba cha upasuaji, goti likaoshwa na kufunikwa kwa vitambaa safi. Hapo ndipo daktari alipopewa bahasha iliyofungwa. Aliifungua, akasoma karatasi iliyokuwa ndani, kisha akaanza kazi. Kwa wagonjwa fulani karatasi ilimwambia alisafishe goti na kukwangua sehemu zilizochakaa. Kwa wengine ilimwambia alioshe kwa maji tu. Na kwa kundi la tatu ilimwambia asiguse kitu chochote ndani ya goti.

Kwa hao wa mwisho, daktari alichana ngozi sehemu tatu, kila moja kama sentimita moja. Aliomba vyombo vyote kwa sauti kama kawaida. Alilikunja goti na kulinyoosha. Maji yalimwagwa ili sauti yake isikike, maana mgonjwa alikuwa amepewa dawa za kumtuliza na kuondoa maumivu, wala hakuwa amelazwa kabisa. Ngozi ikashonwa. Mgonjwa alilala hospitalini usiku ule, akitunzwa na wauguzi ambao nao hawakujua ni karatasi gani iliyotoka katika bahasha yake.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwezi wa Julai 2002 katika jarida la The New England Journal of Medicine. Tangu siku ile, utafiti wa matibabu ya goti haujarudi ulikokuwa.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni kuchakaa kwa goti, ule ambao wenye kusoma Kifaransa huuita atrozi. Ncha za mifupa inayokutana kwenye goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi kinachofanya mfupa usisagane na mfupa mwenzake. Miaka inavyokwenda, gegedu hupungua na kupasuka, mfupa ulio chini yake hukomaa na kuota vijipembe, na ngozi ya ndani ya goti huvimba. Mtu hulalamika goti linauma akipanda, linakaza asubuhi, linatoa sauti akichuchumaa. Umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani, kazi za kupiga magoti na kubeba mizigo, pamoja na urithi wa ukoo, vyote huchangia.

Mwaka wa 1957, madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walitoa namna ya kupima ugonjwa huu kwa picha ya eksirei, kuanzia daraja la 0 hadi la 4. Kipimo chao kinatumika mpaka leo. Lakini kadiri picha zilivyopigwa, ndivyo jambo moja lilivyozidi kuonekana: picha na maumivu haviendi pamoja siku zote. Kuna mtu ambaye goti lake kwenye picha limeharibika vibaya naye anatembea vizuri. Mwingine picha yake ni nzuri, lakini usiku halali. Tena maumivu ya goti hupanda na kushuka. Kuna wiki mbaya, halafu wiki nzuri bila sababu inayojulikana.

Hiyo ndiyo shida kubwa ya anayetaka kujua kama dawa fulani inafaa. Mgonjwa huenda kwa daktari wakati maumivu yako juu kabisa. Baada ya hapo, hata asipofanyiwa kitu, mara nyingi yatashuka kidogo. Yeyote aliyemhudumia siku ile, awe na kisu, sindano au majani, ndiye atakayepewa sifa. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini si jogoo anayelileta jua.

Kutoka kufagia goti hadi kamera

Wazo la kulisafisha goti ni la zamani kuliko Houston. Mwaka wa 1941, daktari wa upasuaji wa Chicago, Paul Magnuson, alieleza jinsi alivyokuwa akifungua goti lililochakaa na kuondoa vijipembe vya mfupa na vipande vya gegedu vilivyolegea, kama mtu anayefagia nyumba. Magnuson huyo baadaye akawa mkuu wa utabibu katika idara ya Marekani inayosimamia hospitali za askari wa zamani. Hakuna aliyejua kwamba ni katika moja ya hospitali hizo wazo lake lingekuja kupimwa.

Wakati huohuo, upande mwingine wa dunia, Wajapani walikuwa wanatafuta njia ya kuona ndani ya goti bila kulifungua. Mwaka wa 1918, Kenji Takagi wa Tokyo alitumia chombo cha kuangalia kibofu akachungulia ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendelea kuboresha chombo hicho hadi akapata kimoja cha kutegemewa, maarufu kwa jina la namba 21. Miaka ya 1960, daktari Robert Jackson wa Toronto alikwenda Tokyo, akajifunza kwa Watanabe, na kurudi Kanada na ujuzi huo. Kutoka hapo ulienea Amerika ya Kaskazini yote, kisha ulimwenguni.

Kwa wachezaji wa mpira waliochanika ndani ya goti, kamera hiyo ilikuwa baraka: matundu madogo badala ya kovu refu, na siku chache badala ya miezi. Basi ikaonekana ni jambo la kawaida kuitumia pia kwa wazee wenye goti lililochakaa. Kufikia miaka ya 1990, upasuaji wa namna hiyo kwa goti lililochakaa au lenye maumivu ulikuwa unafanywa Marekani zaidi ya mara 650,000 kwa mwaka, kila mmoja kwa dola kama 5,000. Ukizidisha, ni zaidi ya dola bilioni 3 kila mwaka.

Na je, wagonjwa walipona? Katika ripoti nyingi, kama nusu yao walisema maumivu yamepungua. Madaktari waliwaona kwa macho yao wakirudi na kushukuru. Ila hakuna aliyeweza kueleza vizuri ni kwa nini kuosha goti kungeondoa maumivu, maana gegedu iliyokwisha haikurudi.

Swali la Nelda Wray

Daktari Bruce Moseley alikuwa mpasuaji wa mifupa mjini Houston, mtu mwenye jina, aliyekuwa akiwatibu wachezaji wa timu ya kikapu ya Houston Rockets. Alipotaka kufanya utafiti, nia yake ya kwanza ilikuwa ndogo: kulinganisha kuosha goti na kulisafisha kwa kukwangua, aone ipi ni bora. Mwenzake, Daktari Nelda Wray, ambaye hakuwa mpasuaji, alimwuliza swali lililomkwaza: atajuaje kwamba nafuu yenyewe haitokani na imani ya mgonjwa kwa kisu?

Kwa vidonge, jibu la swali hilo lilikuwa limeshazoeleka. Kundi moja hupewa dawa, kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, kinachoitwa plasebo, na wala mgonjwa wala anayempima hajui nani amepata nini. Lakini kisu hakina plasebo ya rahisi. Lazima ngozi ichanwe.

Jambo hilo lilikuwa limewahi kufanywa zamani. Kuanzia mwaka wa 1939, kulikuwa na upasuaji uliotoka Italia wa kufunga mishipa fulani ya kifua ili kutuliza maumivu ya moyo. Ulienea, na wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu. Mwaka wa 1959, Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 17: baadhi walifungwa mishipa, wengine walichanwa ngozi tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Mwaka uliofuata, utafiti wa pili kutoka Kansas ulionyesha jambo hilohilo, na upasuaji ule ukaachwa. Hata hivyo somo lenyewe lilisahaulika, na wapasuaji wengi waliendelea kuamini kwamba kwao plasebo ni kitu kisichowezekana, au hata dhambi.

Moseley na Wray walianza na wagonjwa kumi tu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 1996. Waliochanwa ngozi bila kuguswa ndani walisema wamepata nafuu kama wenzao. Namba kumi haithibitishi kitu, lakini ilitosha kuomba ruhusa ya utafiti mkubwa.

Waliosema ndiyo na waliosema hapana

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Je, ni haki kumchana mtu ngozi huku ukijua hutamtibu?

Watafiti walijibu kwa kuweka kila kitu wazi. Hakuna mgonjwa aliyedanganywa. Kila mmoja alielezwa kwamba kuna kura, na kwamba huenda kura yake ikaangukia upasuaji wa kuigiza. Kisha alitakiwa kuandika kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya faili lake, kwamba ameelewa jambo hilo, na kwamba upasuaji wa kuigiza hautamsaidia ugonjwa wa goti lake. Ndiyo maana pia wale wa upasuaji wa kuigiza hawakulazwa kabisa kwa dawa: hatari ilipunguzwa kadiri ilivyowezekana.

Wagonjwa 324 walikuwa na sifa za kuingia. Kati yao, 144 walikataa. Hao pia walikuwa na haki yao, na kukataa kwao kunaonyesha kwamba maelezo yalikuwa ya kweli. Mtu hakatai jambo ambalo hakulielewa. Waliobaki walikuwa 180, wengi wao wanaume, wote wenye umri usiozidi miaka 75, ambao goti liliendelea kuwauma ingawa walitibiwa kwa miezi sita au zaidi. Kura ikawagawa: 60 upasuaji wa kuigiza, 61 kuoshwa, 59 kusafishwa kwa kukwangua. Moseley mwenyewe ndiye aliyewafanyia wote, ili isije ikasemwa kwamba kundi moja lilipata mkono mzuri na jingine mkono mbaya.

Walifuatiliwa kwa miaka miwili. Maumivu yalipimwa kwa hesabu ya kutoka 0 hadi 100, namba kubwa ikiwa maumivu makubwa. Mwishoni mwa miaka miwili, wale wa kuigiza walikuwa kwenye 51.6, waliooshwa kwenye 53.7, waliosafishwa kwenye 51.4. Hakukuwa na wakati wowote katika miaka hiyo ambapo kundi lililotibiwa kweli lilikuwa na maumivu machache, au lilitembea vizuri, kuliko kundi lililochanwa ngozi tu.

Watu hao 60 walikuwa wametoa ngozi yao ili jibu lipatikane. Kwa upande mmoja hawakupata kitu. Kwa upande mwingine, hawakukosa kitu chochote ambacho wenzao 120 walikipata.

Ubishi na uthibitisho

Kelele zilikuwa kubwa. Vyama vya wapasuaji vilisema hospitali ilikuwa moja tu, daktari mmoja tu, na wagonjwa karibu wote wanaume, wakati ugonjwa huu huwasumbua zaidi wanawake. Walisema pia kipimo cha maumivu kilitengenezwa kwa ajili ya utafiti huo na hakikuwa kimejaribiwa vya kutosha. Baadhi ya hoja hizo zilikuwa na maana, na njia nzuri ya kuzijibu ilikuwa kurudia kazi mahali pengine.

Serikali ya Marekani haikungoja sana. Mwaka wa 2004, Medicare, bima ya wazee ya nchi hiyo, ilisema haitalipia tena kuosha au kukwangua goti lililochakaa pale ambapo sababu ni maumivu peke yake.

Kazi ilirudiwa London, mji wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Aliyeianzisha alikuwa mpasuaji Alexandra Kirkley. Hakuiona ikimalizika: alifariki mwaka wa 2002 katika ajali ya ndege. Wenzake waliendelea nayo, na ilipochapishwa mwaka wa 2008 jina lake lilitangulia mengine yote. Wagonjwa 188, wanaume na wanawake, waligawanywa kwa kura. Nusu walipata upasuaji pamoja na mazoezi na dawa, nusu walipata mazoezi na dawa tu. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti.

Kisha Wafini wakaja na swali la karibu na hilo. Watu wengi wa makamo huambiwa kwamba menisko, kile kipande kama mto mdogo kati ya mifupa ya goti, kimechanika kwa uzee, na kwamba lazima kikatwe. Katika hospitali tano za Finland, wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, ambao goti lao lilikuwa halijachakaa, walipigiwa kura kati ya kukatwa kweli na kuigiziwa. Matokeo yalitoka mwaka wa 2013: baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mwaka wa 2017, jopo la wataalamu katika jarida la BMJ lilishauri kwa nguvu kwamba karibu kila mwenye goti lililochakaa asifanyiwe upasuaji wa kamera. Wakati huo ulikuwa bado unafanywa zaidi ya mara milioni 2 kwa mwaka duniani.

Haina maana kwamba kamera ya goti ni kazi bure. Goti lililokwama halikunjuki, goti lenye usaha ndani, au mchezaji aliyekatika kano, hao wana sababu nyingine. Kilichoanguka ni desturi ya kufagia goti la mzee kwa sababu linauma.

Sindano na vidonge mbele ya swali hilohilo

Swali la Houston halikubaki kwa kisu peke yake. Baada ya dawa ya kotizoni kushangaza ulimwengu mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza mwaka wa 1951 namna ya kudunga dawa ya jamii hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo. Wagonjwa walipata nafuu haraka, na sindano ya goti ikaenea hadi leo. Kwa wiki chache inatuliza kweli. Lakini je, ikirudiwa mwaka baada ya mwaka? Mwaka wa 2017, Timothy McAlindon na wenzake wa Boston walitoa jibu. Wagonjwa 140 walidungwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu dawa ya jamii hiyo, nusu maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana. Tena waliodungwa dawa walikuwa wamepoteza gegedu zaidi kuliko wale wa maji ya chumvi.

Ikaja zamu ya glukosamini, kidonge kinachotengenezwa mara nyingi kutokana na maganda ya kamba na kaa. Mwaka wa 2001, Jean-Yves Reginster wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, alichapisha utafiti wa wagonjwa 212 uliodumu miaka mitatu, ulioonyesha matumaini: goti lilionekana kuchakaa polepole zaidi. Biashara yake ikapanda. Lakini utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani, wenye wagonjwa 1,583, ulipotoka mwaka wa 2006, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wote kwa jumla glukosamini haikuzidi plasebo kwa namna ya kuaminika. Namba moja ya utafiti huo inastahili kukumbukwa: kati ya waliomeza kidonge kisicho na kitu, asilimia 60 walisema maumivu yao yamepungua kwa moja ya tano au zaidi.

Mahali pengine kukosekana kwa kundi la kulinganisha kuligharimu maisha. Mwaka wa 1999, kampuni ya Merck ilianza kuuza Vioxx, kidonge cha maumivu ya viungo kilichosifiwa kwamba hakiharibu tumbo. Mwaka wa 2000, utafiti ulikilinganisha na dawa ya zamani, naprokseni. Waliomeza Vioxx walipata mshtuko wa moyo zaidi. Kampuni ilieleza kwamba labda Vioxx haina kosa, ila naprokseni ndiyo inayolinda moyo. Bila kundi lililomeza plasebo, ubishi huo haukuweza kukatwa. Ulikatwa mwaka wa 2004, pale Vioxx ilipolinganishwa na plasebo katika utafiti wa ugonjwa mwingine kabisa, na hatari ikaonekana wazi. Tarehe 30 Septemba 2004 ilitolewa sokoni. Zaidi ya watu milioni 80 walikuwa wameshaimeza.

Kilichobaki kimesimama

Msomaji anaweza kuuliza: basi hakuna kinachofaa? Kipo, na sehemu yake kubwa haihitaji kisu.

Mwaka wa 1997, utafiti wa Marekani wa wazee 439 ulionyesha kwamba waliotembea kwa ratiba, au waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli, kwa miezi 18, walikuwa na maumivu machache kidogo na uwezo zaidi kuliko waliopewa mafundisho tu. Mwaka wa 2013, Stephen Messier na wenzake wa North Carolina walionyesha kwa watu 454 wenye uzito mkubwa kwamba kupunguza uzito pamoja na mazoezi kuliwasaidia kuliko kufanya kimoja peke yake. Mwaka wa 2020, madaktari wa jeshi la Marekani walilinganisha sindano ya goti na mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na mtaalamu, yale ambayo Wakongo huyaita kine. Baada ya mwaka mmoja, wa kine walikuwa na hali nzuri zaidi. Mwaka wa 2024, sindano ya semaglutidi, inayopunguza hamu ya chakula, ilionyesha kupunguza maumivu ya goti kwa watu wanene kuliko plasebo. Uzito wao ulishuka kwa karibu asilimia 14. Bei yake ni jambo jingine.

Kwa goti lililokwisha kabisa, kubadilisha goti zima kwa chuma na plastiki kumepimwa pia. Mwaka wa 2015, Søren Skou na wenzake wa Denmark waligawanya kwa kura wagonjwa 100. Waliobadilishwa goti kisha wakapata matunzo walipona kuliko waliopata matunzo bila upasuaji, ingawa walipata pia madhara makubwa mara nyingi zaidi. Na kati ya wale wasiopasuliwa, robo tatu hivi walimaliza mwaka bila kuhitaji kisu.

Lakini haki ni haki, na mazoezi nayo yaliitwa mahakamani. Huwezi kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi; kwa hiyo huenda sehemu ya nafuu inatokana na kutunzwa na kutarajia. Watafiti wa Copenhagen walichukua wagonjwa 206. Nusu walipata wiki nane za mafundisho na mazoezi. Nusu walidungwa maji ya chumvi mara nne, nao waliambiwa wazi kwamba ni maji ya chumvi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022: maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa na uzito. Ni habari chungu kwa wanaopenda mazoezi. Tofauti ni kwamba anayetembea na kuimarisha mapaja anasaidia pia moyo, sukari na shinikizo la damu, na kutembea hakuuzwi dukani.

Swali la kubeba nyumbani

Historia hii haisemi kwamba maumivu ya goti ni ya kichwani. Wale 60 wa Houston walikuwa na goti lililochakaa kweli, na miaka miwili baadaye lilikuwa bado linauma. Wala haisemi kwamba madaktari waliokuwa wakifagia magoti walikuwa wezi. Wengi wao waliamini walichokiona: mgonjwa alikuja akilia, akarudi akitabasamu. Kosa lao lilikuwa kuona waliotibiwa tu, bila kuwaona ambao hawakutibiwa na ambao nao walitabasamu.

Siku mzee wa ukoo au mama mkwe atakapoambiwa atoe pesa kwa ajili ya sindano, chupa ya vidonge au kisu cha goti, jamaa wanaomsindikiza wana haki ya kuuliza kwa heshima swali alilouliza Nelda Wray. Si kuuliza tu ni wangapi waliopona kwa tiba hii. Ni kuuliza pia: wale waliolinganishwa nao, ambao hawakuipata, walikuwaje? Daktari mzuri hatakasirika. Mwenye kuuza kitu asichokijua ndiye atakayepandisha sauti.

Wanaume na wanawake wa hospitali hizo za mbali, wengi wao wazee, waliandika kwa mkono wao kwamba wanakubali kupigiwa kura ya kisu. Jibu walilolipatia ulimwengu linatumika bure kwa yeyote anayeumwa goti, hata kama hajui walikuwa wakina nani.